Nani Anayeitwa KARIBU?

Jina la Wi-Fi halina mwenyewe. Ukitaka kufungua biashara Tabora kwa jina ambalo mwenzako ameshalisajili BRELA, utaambiwa ukatafute jingine. Masafa nayo yana mlinzi wake, TCRA, na kifaa kinachorusha mawimbi kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa. Lakini lile jina linalojitokeza kwenye simu unapotafuta mtandao halisajiliwi na ofisi yoyote duniani. Tangu viwango vya kwanza vya mitandao hii vilipotoka mwaka 1997, sharti ni kwamba lisizidi baiti 32. Ndani ya hizo 32 andika utakacho: jina la mwanao, timu yako, kijembe kwa mpangaji mwenzako, au jina lilelile la jirani.

Kwa hiyo majina pacha yamejaa. Mengine yanatoka kiwandani: simu za aina moja zinanunuliwa kwa wingi, kila moja ikiwashwa hotspoti inajitangaza kwa jina la toleo lake, na mtaa mzima unakuwa na watu wanaoitwa kwa jina la simu. Watengenezaji wa Android waliona tatizo hili, wakaacha kuziita simu zote AndroidAP tu na kuongeza tarakimu 4 za bahati nasibu mwishoni. Mengine ni ya watu wenyewe, na hapo ndipo ubunifu wetu unapokwama. Wenye migahawa wote wanataka neno la kumvuta mteja, na maneno ya kumvuta mteja katika Kiswahili hayazidi matano.

Gongoni, mjini Tabora, kuna fundi ambaye riziki yake hasa ni simu: vioo vilivyopasuka, matundu ya chaji, betri zilizovimba. Wateja wanamwita Fundi, basi. Mitandao ni kazi ya pembeni, inamjia mara mojamoja na hailipi sana. Nimemtazama akiifanya na sijachoka. Kazi yenyewe haina makeke: mtu amekaa kwenye kigoda, simu mkononi, anasubiri namba zitulie. Ukimuuliza anafanya nini atakwambia anasikiliza.

Mama mwenye mgahawa mtaa wa pili alimjia asubuhi, kabla ya wateja wa supu kuisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wi-Fi yangu imelogwa."

"Imelogwaje?"

"Wateja nawapa namba ya siri, simu inawakatalia. Halafu mwingine anaingia vizuri tu, anaangalia mpira mpaka mwisho, na bando langu halipungui hata kidogo. Sasa anatumia la nani?"

Ni hilo la mwisho lililomfanya Fundi aache kioo alichokuwa akibandika. Mteja kukataliwa ni jambo la kila siku. Bando lisilopungua ni habari nyingine.

Mgahawani alifungua simu yake na kuonyesha orodha. KARIBU, KARIBU. Simu ya kawaida haina haya: ikiona mitandao yenye jina moja na ulinzi wa aina moja inaikusanya katika mstari mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa ilionyesha miwili, mmoja wenye kufuli na mmoja usio na kufuli. Alipofungua programu ya kuchunguza mitandao, KARIBU zikawa tano.

Hata kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi. Tangu Android 9, simu hairuhusu programu ichunguze mitandao zaidi ya mara 4 katika dakika 2, ili betri isiliwe. Nimeona watu wakitembea na simu mkononi, namba zimeganda, nao wanadhani mawimbi yametulia, kumbe wanatazama habari za nusu dakika iliyopita, walipokuwa wamesimama kwingine. Kuanzia Android 10 kizuizi hicho kinazimika, ila kimefichwa: unaingia kwenye maelezo ya simu, unagonga nambari ya muundo mara 7, milango ya wasanidi inafunguka, unakizima humo. Pia unawasha huduma ya mahali, kwa sababu bila hivyo simu haiionyeshi programu mtandao wowote. Fundi anafanya yote haya kwa kidole gumba huku anaongea na mtu.

Kisha anaacha kusoma majina. Ndiyo kanuni yake ya kwanza, ingawa sijawahi kumsikia akiitamka. Kila ruta, mara 10 hivi kwa sekunde, usiku na mchana, hutoa tangazo fupi hewani: mimi ni fulani, niko chaneli fulani, ulinzi wangu ni wa namna fulani. Jina ni sehemu moja tu ya tangazo hilo, na ndiyo sehemu pekee ambayo mwenye ruta ameichagua kwa moyo. Sehemu nyingine zinatoka zenyewe. Iliyo muhimu kuliko zote ni anwani ya redio yenyewe, herufi na tarakimu 12 zilizopangwa jozi sita. Fundi haisomi yote. Anasoma jozi ya mwisho kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kuiandika kwenye daftari.

Katika zile tano, mbili zilikuwa zinafanana kwa jozi tano na nusu. Moja iliishia 3E, ya pili 3F. Hapo hakuhitaji kutembea: hizo ni redio mbili ndani ya ruta moja, moja ya gigahezi 2.4 na nyingine ya gigahezi 5. Tano zikawa nne.

Jozi tatu za mwanzo zina habari yake. Hugawiwa na IEEE, taasisi ya wahandisi yenye makao Marekani, kwa kila kampuni inayotengeneza vifaa, kwa hiyo programu inaweza kukwambia ruta ni ya Huawei au ya TP-Link kabla hujaiona kwa macho. Lakini kuna herufi moja ambayo Fundi huiangalia kwanza: ya pili kutoka mwanzo. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani, kifaa kimejitungia. Simu nyingi za siku hizi zikiwa hotspoti hujitungia anwani, ili mwenye simu asifuatiliwe. KARIBU moja, ile isiyo na kufuli, ilianza na 7A.

"Hii simu," alisema. Kisha akajirudi: "Labda simu." Ruta nyingine nazo, zikipewa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, huugawia anwani ya namna hiyo hiyo. Napenda ile "labda" yake. Mafundi wengi wangeishia kwenye sentensi ya kwanza.

Tabora ilishawahi kuwa na tatizo la aina hii, la alama moja yenye wenyewe wengi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kuja Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilitembea nyuma ya kirangozi, kiongozi wa njia, aliyebeba bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, aliieleza kama alama ya kwamba msafara unatoka pwani. Bendera ilikuwa moja, matajiri walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na madeni yake, bei zake na ugomvi wake njiani. Mtu wa hapa aliyeishia kwenye wekundu wa kile kitambaa alikuwa amejua safari imeanzia wapi, na bado hajajua anadaiwa na nani.

Kutoka kwenye daftari Fundi huhamia kwenye miguu. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na namba zake ni hasi, jambo linalowachanganya wengi: -45 ni nguvu kuliko -80. Kila desibeli 3 zikipungua, nguvu imekatika nusu. Kati ya -50 na -80 tofauti ni mara elfu moja. Penye uwazi, ukiongeza umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6. Haya yako vitabuni. Yasiyo vitabuni ni mtaa wenyewe. Ukuta wa matofali ya kuchoma unakula kiasi chake, bati linarudisha mawimbi nyuma kabisa, na mwembe uliojaa majani mabichi ni ukuta wa maji. Tabora ina miembe mingi. Nimemwona Fundi akihama hatua tatu kutoka kivulini, kwenye jua kali, kwa sababu tawi lilikuwa linamdanganya.

Na ana namna yake ya kugeuka. Anashika simu karibu na kifua, anasimama, anasubiri, anageuka robo, anasubiri tena. Anatumia mwili wake kama kizuizi. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, hulinyonya vizuri. Mgongo ukielekea kwenye ruta, namba zinashuka, hivyo anayetafutwa yuko nyuma yako. Watu wenye pesa hununua antena za kuelekezea. Fundi anageuka.

Kinachochosha mtazamaji, na ndicho ninachokisifu, ni kusubiri. Namba hazitulii. Mtu akipita katikati, zinashuka. Mlango wa chuma ukifunguliwa, zinapanda. Fundi haandiki namba ya kwanza wala iliyo nzuri kuliko zote. Anaacha zipite kadhaa, anaandika ile ambayo zinarudi kwake. Mwenye mgahawa alikuwa ameshamuuliza mara mbili kama amemaliza.

Anwani iliyoishia 91 ilisoma -41 karibu na kabati la soda, na ruta ya mama ilikuwa juu ya kabati hilo. Hiyo imepata mwenyewe. Pacha wa 3E na 3F walikuwa upande wa gesti ya jirani, yule wa gigahezi 5 akififia haraka zaidi, maana masafa hayo hayapendi kuta. Iliyoishia C8 ilikuwa dhaifu kila mahali, -78, -80, bila kuonyesha upande. Na ile 7A ilikuwa na tabia mbaya: ilisoma -58, mara -66, mara ikapotea kabisa, kisha ikarudi.

Kwa C8 alitoa laptopu, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea. Kila tangazo la ruta lina ndani yake saa. Si saa ya ukutani. Ni kihesabu kinachoanza sifuri ruta inapoanza kurusha na kuendelea kuhesabu mikrosekunde mpaka izimwe. Programu nyingi za simu hazikionyeshi. Laptopu yake, ambayo ina Linux, inakionyesha pembeni ya kila anwani kwa siku, saa, dakika na sekunde. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Ruta ya mama ilikuwa na dakika 46 na sekunde kadhaa. Pacha wa gesti nao dakika 46, wakipishana na mama kwa nusu dakika, kwa sababu ruta moja huamka haraka kuliko nyingine. C8 ilikuwa na siku 11.

Fundi alicheka peke yake. Kitu kilichokaa siku 11 bila kuzimika mtaa huu, umeme ukikatika na kurudi, hakijachomekwa kwenye umeme wa TANESCO. Alitoka nje, akatazama mapaa. Paneli ya sola ilikuwa moja tu ya kuonekana, nyuma ya gesti. Mwenye gesti alipoulizwa alithibitisha: kuna ruta ya pili huko uani, kwenye betri ya sola pamoja na taa za ukumbi, imewekwa ili vyumba vya nyuma navyo vipate mtandao. Jina ni lilelile, namba ya siri ni ileile, kwa makusudi. Kihesabu hicho kiliwekwa kwa ajili ya kulinganisha saa za vifaa. Kumpa mtu habari za nani ana sola halikuwa wazo la mhandisi yeyote.

Hapo ndipo swali la kwanza la mama lilipopata jibu, na inafaa nilieleze taratibu kwa sababu linawatesa wengi wasiojua. Simu inapohifadhi mtandao, haihifadhi ruta. Inahifadhi jina, aina ya ulinzi na neno la siri. Mteja aliyelala gesti usiku anaamka, anakwenda kunywa chai kwa mama, simu inaona KARIBU yenye kufuli na kujaribu namba ya gesti kwenye ruta ya mama. Inakataliwa. Mteja anaomba namba, anaandika ya mama, inakubali, na ile ya gesti imefutika. Usiku akirudi chumbani anakataliwa huko na kumlalamikia mhudumu. Kila upande unaamini upande mwingine umeharibu kitu, na ruta zote ni nzima. Kubaya zaidi ni kwa mteja wa meza ya ukutani, anayepata mawimbi ya gesti vizuri kuliko ya mama: huyo anaweza kuandika namba ya mama kwa usahihi mara kumi na akataliwe mara kumi, akiijaribu kwa asiyehusika.

Ulinzi wenyewe, kwa mitandao ya aina ya WPA2 iliyoko mtaani, uko imara kuliko watu wanavyodhani. Simu na ruta hupeana jumbe 4, kila upande ukithibitisha kwamba mwenzake analijua neno la siri bila yeyote kulitamka hewani. Na ufunguo unaotumika haupikwi kwa neno la siri peke yake: huchanganywa na jina la mtandao na kusagwa mara 4096. Kwa hiyo mtu anayeiga jina bila kujua neno la siri hawezi kumaliza mazungumzo hayo. Anachoweza ni kuokota vipande vyake na kwenda kubahatisha nyumbani, ndiyo maana namba ya siri ya 12345678 ni sawa na mlango wa pazia. Mwaka 2024 watafiti wawili wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, Héloïse Gollier na Mathy Vanhoef, walionyesha kwamba katika baadhi ya aina nyingine za ulinzi jina halithibitishwi hivyo, na simu inaweza kuongozwa kwenye mtandao mmoja huku ikionyesha jina la mwingine. Dunia yote imejengwa juu ya majina yasiyo na mwenyewe, na wanaoijenga bado wanaziba matundu.

Zipo sehemu jina moja linashirikiwa kwa uwazi na utaratibu. Wanachuo wanalijua jina eduroam, lilelile katika nchi zaidi ya 100, na Tanzania linasimamiwa kupitia TERNET, mtandao wa elimu na utafiti. Mwanafunzi akisafiri, simu yake inaingia yenyewe. Lakini huko simu haipaswi kuliamini jina: inatakiwa idai cheti cha chuo chake kabla ya kutoa siri yoyote, na mwanafunzi anayebonyeza "usithibitishe" ili mambo yaende haraka ameutupa ulinzi wote.

Mgahawani hapakuwa na cheti. Palikuwa na KARIBU isiyo na kufuli, kando ya KARIBU yenye kufuli, na huo ndio mtego unaojulikana kuliko yote. Mwizi anasimamisha mtandao wa wazi kwa jina la mgahawa, watu wanaingia, yeye anakaa katikati. Mama aliposikia hivyo alishataka kuita mgambo.

Fundi hakuita mtu mwizi. Alitoa simu chakavu isiyo na laini, isiyo na akaunti, isiyo na pesa, akaiingiza kwenye ule mtandao wa wazi na kutazama anwani aliyopewa. Anazo kichwani. Ukipewa 172.20.10 na kitu, aliyekupa ni iPhone. 192.168.43 ni Android ya zamani. Lango likiwa 192.168.8.1, mara nyingi ni ruta ya Huawei ya laini. Android mpya huokota namba yoyote, na ile aliyopewa ilikuwa ya ovyo kabisa, kwa hiyo "labda" yake ya simu ikaongezewa uzito. Intaneti ilikuwepo. Hakukuwa na ukurasa wa kuomba jina, barua pepe wala namba ya siri. Kihesabu kilikuwa na dakika 6. Mwizi wa kazi, alisema, hawashi mtego dakika 6 na kuondoka nao.

Maana ulikuwa unaondoka na kurudi. Alikaa mlangoni na simu, akiangalia 7A ikipanda: -72, -64, -55. Bodaboda ilisimama chini ya mwembe. -49. Kwenye kizuia tope cha nyuma kulikuwa na maandishi makubwa meupe: KARIBU.

Kijana alisalimia wote kwa adabu. Hotspoti aliiita kama pikipiki yake. Kufuli alikuwa ameiondoa kwa sababu wenzake kijiweni walikuwa wanamsumbua kila siku kuuliza namba. Na ana malalamiko yake, akaongeza bila kuulizwa: mabando ya siku hizi yanaisha haraka ajabu, unanunua asubuhi, kabla ya saa sita limekata. Wateja watatu wa mama wakainamia vikombe vyao.

Ningependa kusema Fundi aliishia hapo kwa ushindi, lakini alirudi kwenye daftari. Anajua kwamba hata anwani ya kifaa inaweza kuigwa. Mwenye nia na laptopu anaweza kuvaa zile herufi 12 za ruta ya mama kama zilivyo. Ndiyo maana hategemei alama moja. Anwani, upande, chaneli, kihesabu, namba ya lango: anayetaka kumdanganya lazima aigize zote pamoja, na kihesabu cha siku 11 hakiigizwi kirahisi. Alipitia mistari yote mitano na kuhakikisha kila mmoja una alama tatu zinazokubaliana. Alikagua hata jina lenyewe kwa laptopu, baiti kwa baiti, kwa sababu amewahi kukuta majina yanayoonekana sawa na si sawa: moja lina nafasi tupu mwishoni, jingine lina sifuri badala ya O. Jicho halioni tofauti hiyo, simu inaiona. KARIBU zote tano zilikuwa na baiti 6 zilezile.

Nina ugomvi kidogo na zile programu zenye michoro ya rangi, milima inayopandana kwenye kioo. Zinamfanya mtu ahisi ameelewa. Daftari la Fundi lina mistari ya penseli, namba nyingine zimekatwa, na pembeni neno moja kama "kabati", "paa", "mwembe". Mwezi mwingine akiitwa tena mtaa huu ataanza na ukurasa huo, atajua mara moja nani mgeni.

Marekebisho yalikuwa mepesi kuliko uchunguzi. Kijana wa bodaboda aliweka namba ya siri. Gesti haikuguswa jina: ruta mbili za mwenyewe mmoja, zenye jina na siri moja, ndivyo zinavyotakiwa ziwe, simu ya mgeni ihame kutoka ukumbini kwenda uani bila kuulizwa kitu. Fundi anayekimbilia kuzipa majina mawili anaharibu kazi nzuri ya mwenzake. Tatizo lao lilikuwa chaneli. Ruta ya mbele ilikuwa chaneli 6, ya mama nayo 6, na ya uani ilikuwa imejichagulia 8. Chaneli za gigahezi 2.4 zimepangwa karibu mno, ile 8 inaikanyaga 6 huku ikiwa si 6, na redio zinazokanyagana nusunusu hazielewani kama zilizo chaneli moja. Aliipeleka ya uani 11, ya mama 1, ya mbele akaiacha ilipo.

Lilibaki jina la mgahawa. Mama alikataa kata kata kulibadilisha, kwa sababu limeandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, pamoja na mchoro wa kuku. Walibishana mpaka mchoraji wa mabango, aliyekuwa anakula maandazi meza ya nyuma, akasema kuna nafasi ya neno moja kati ya maandishi na mkia wa kuku. Mtandao ukawa KARIBU CHAI. Mama alilipa nusu taslimu na nusu kwa ahadi, akitaka kwanza aone kama bando litaanza kupungua.

Lilianza kupungua siku hiyohiyo, na akaja kulalamika.